HOTUBA YA MWENYEKITI: KUNI ZISITULE



Leo tunatimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa. Fedha tunazizungusha, lakini kuni na mkaa vinazila. Mafiga matatu yanapoteza moto pembeni, na moshi tunaumeza sisi na watoto. Ndiyo maana tumejenga majiko banifu kwa udongo wa kichuguu. Tukumbushane jamani: kuni ziwe kavu na nyembamba, mlango wa jiko usipanuliwe, nyufa zizibwe mapema, maharage yalowekwe usiku.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Ni jambo jema. Ila mtungi wa gesi ukiisha na hela hakuna, tunarudi porini. Na miti ikiisha, je? Mabadiliko ya tabianchi hatukuyaanzisha sisi, lakini mvua ikikosa, mashamba yetu ndiyo yanayokauka.

Kwa hiyo tunaomba: mgawo wa mwaka huu tusiumalize wote. Sehemu ibaki, iwe mkopo usio na riba wa kujaza mitungi. Figa moja haliinjiki chungu.