MTOTO MGENI DARASANI NA MATARAJIO YETU

(Maelezo ya Ofisa Habari katika mkutano wa walimu na kamati za skuli)



Nimetakiwa nizungumzie watoto waliohamia katika skuli zetu. Mtoto aliyetoka Bara si mgeni kisheria. Muungano wa mwaka 1964 umekwisha kulimaliza hilo. Lakini akisimama darasani akasema “shule” badala ya “skuli”, darasa zima hucheka, na wakati mwengine mwalimu naye hutabasamu. Tangu siku hiyo mtoto hunyamaza. Mwisho wa muhula huandikiwa kuwa ni mzito wa kufahamu. Aliyetoka nje ya nchi, asiyejua Kiswahili, taabu yake huzidi, kwani hata maneno ya kuombea ruhusa hana.

Tusisahau kwamba watoto wetu nao waliwahi kuwa wageni. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka huko Omani mwaka 1970, na kuwataka Waomani waliokuwa ng’ambo warejee, familia nyingi zilizotoka visiwani hapa zilikwenda huko. Wengi wa watoto wao lugha yao ilikuwa Kiswahili, wakaingia katika masomo ya Kiarabu. Waliitwa Wazanzibari katika nchi ya babu zao. Wazee wenye jamaa huko wanazijua hadithi hizo kuliko mimi.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti uliofanywa katika skuli moja ya California, Marekani, ambayo baadhi ya wanafunzi wake walikuwa na asili ya Meksiko. Walimu waliambiwa kuwa wanafunzi fulani wangechanua mwaka ule. Kumbe majina yalichaguliwa kwa kubahatisha tu. Katika madarasa ya chini, waliotajwa waliongeza alama kuliko wenzao. Wapo wataalamu walioukosoa utafiti huo. Hata hivyo, mwalimu yeyote mkweli anajua ni mtoto gani humngojea ajibu na ni yupi humpita.

Wazazi nao wasijitoe. Jina la kabila linalotumiwa kumdhihaki mtoto skulini huanzia barazani, sisi tukizungumza na watoto wakisikia.

Ripoti za muhula huu bado hazijaandikwa. Walimu wakuu wanaombwa wahakikishe kuwa mtoto aliyehamia haandikiwi neno “mzito” kabla mwalimu wake hajakaa naye peke yake, akamsikiliza akisoma na kuhesabu, pasipo wa kumcheka.