Nyumba za Pampu za London



Katika kiangazi cha mwaka 1858 Mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa katika kumbi zao zilizo kandokando ya maji. Kinyesi cha jiji zima kilikuwa kikiingia mtoni, na kutoka mto huo huo wengi walikuwa wamezoea kupata maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuwapiga mara tatu. Ndipo fedha zilipotolewa, nayo ofisi ya Joseph Bazalgette, mhandisi mkuu wa bodi ya kazi za umma ya jiji, ikajenga mifereji mikuu ya kilomita 132 chini ya ardhi.

Maji taka hushuka yenyewe, lakini penye tambarare hayana budi kuinuliwa. Kwa kazi hiyo nyumba ya pampu ya Crossness, kusini mwa mto, ilifunguliwa Aprili 1865. Ndani yake mlikuwa na mitambo minne ya mvuke, kila mmoja ukiitwa kwa jina la mtu wa ukoo wa kifalme. Maji taka yalipandishwa katika hifadhi kubwa iliyofunikwa, yakangoja. Maji ya mto yalipoanza kupwa, yalifunguliwa yachukuliwe kuelekea baharini. Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa hesabu hiyo. Na vyuma vya humo vilitiwa nakshi na rangi, kana kwamba ni jumba la kupokelea wageni.

Upande wa kaskazini, nyumba ya Abbey Mills ilichelewa hadi 1868. Katika kuchelewa huko, mwaka 1866, kipindupindu kilirudi kikaua maelfu, wengi wao wakazi wa mitaa ya mashariki ambayo mifereji yake ilikuwa haijakamilika. Mitaa iliyokwisha kuunganishwa ilisalimika kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo uchafu ulikuwa umehamishwa tu. Mwaka 1878 meli ya Princess Alice ilizama karibu na midomo ya mifereji hiyo, na watu zaidi ya 600 wakafa katika maji machafu. Baadaye tope likaanza kutengwa na kupelekwa baharini kwa meli.

Crossness ilifungwa miaka ya 1950. Mitambo iliachwa ishike kutu, kwa kuwa gharama ya kuing'oa ilizidi thamani ya chuma chake. Watu wa kujitolea waliikwangua kwa miaka mingi, na mwaka 2003 mmoja wake ukazunguka tena kwa mvuke.