Mkojo Ukiponyoka, Mama, Usinyamaze

Leo ninazungumza na akina mama wa Thika, Ruiru na vitongoji vyake kuhusu jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona tu. Unapiga chafya, mkojo unaponyoka. Unacheka, unaponyoka. Unainua mtungi wa maji wa lita 20, unaponyoka tena. Wako walioacha kuimba kwaya, na wako wasiopanda matatu ya Nairobi bila kitambaa. Wakiuliza, huambiwa, "Ukishazaa, ndivyo ilivyo." Sivyo, mama. Jambo hili huwapata wengi, lakini lina tiba.

Kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama wavu. Huitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Ndiyo inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Ikilegea, mkojo au hewa hutoka bila ruhusa, au mama huhisi kitu kizito kikishuka ukeni. Lakini msuli ni msuli. Ukizoezwa, hupata nguvu. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alieleza mazoezi yake, na hadi leo hayo ni miongoni mwa tiba za kwanza.

Fanya hivi. Keti au ulale chali. Kaza kana kwamba unazuia hewa na mkojo kwa wakati mmoja, ukivuta kwa ndani na juu. Usikaze matako wala mapaja, na usizuie pumzi. Hesabu hadi 5, kisha legeza kabisa na upumzike kwa hesabu ile ile. Rudia mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku. Ukizoea, ongeza hesabu hadi 10. Endelea kwa miezi 3 hata kama huoni mabadiliko mapema. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa, maana kibofu kinaweza kukosa kumaliza mkojo.

Misuli hii huhitaji kutunzwa katika kila umri.

Msichana asibane mkojo kutwa nzima kwa kuogopa choo cha shule. Asizoee choo kigumu pia, kwa sababu kujikamua huichosha misuli. Mpe maji ya kutosha, sukuma wiki, maharagwe na papai.

Mja mzito aanze mazoezi mapema. Humpunguzia hatari ya kuponyokwa na mkojo mimba ikikua na baada ya kujifungua.

Aliyejifungua aanze taratibu siku za kwanza, maumivu yakiruhusu na mpira wa mkojo ukiwa umetolewa. Aliyezaa kwa upasuaji naye afanye, kwani mimba yenyewe ilielemea misuli. Baba watoto, mitungi ya maji ya kupandisha ghorofani kwa sasa ni yako. Naye mama, kabla ya kuinua kitu au kukohoa, akaze kwanza.

Shosho naye hajachelewa. Hedhi ikikoma, homoni hupungua na sehemu hizo hukauka na kudhoofika, lakini misuli bado hujifunza.

Ukishindwa kujua kama unakaza vizuri, au miezi 3 ikipita bila nafuu, mwulize muuguzi wa kliniki akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Walio Ruiru waanzie hospitali ya serikali iliyo karibu. Walio Thika waulize Hospitali ya Thika Level 5. Mtaalamu atakuuliza maswali na kukupima kwa idhini yako. Unaweza kukataa, au kuomba mwenzako awe kando yako. Usione haya kusema pia kama tendo la ndoa lina maumivu. Huenda misuli yako imekaza kupita kiasi, na hapo utafundishwa kuilegeza kwanza. Kuikaza zaidi kutaongeza maumivu.

Sasa sikiliza kwa makini. Mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu, huenda ni fistula. Hilo ni tundu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Mazoezi peke yake hayatoshi. Nenda hospitali upimwe. Madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni miongoni mwa wanaofanya upasuaji huo. Vilevile, usingoje ukiona damu kwenye mkojo, ukiwa na homa, au ukipata ganzi kati ya mapaja.

Mama, leo usiku ukimnyonyesha mtoto, kaza, hesabu, legeza. Hakuna atakayejua. Kesho mwambie na dada yako, maana huenda naye ananyamaza kama wewe.

Hadi kipindi kijacho, kaa salama.