Kufumua na Kufumbua: Kiswahili Mbele ya Kidhibiti cha Mota ya Baiskeli ya Umeme



1. Utangulizi

Huenda mada ya mhadhara huu ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea kujadili ngeli, ushairi au historia ya usanifishaji katika kumbi kama huu. Leo nawaomba tukitazame kifaa kidogo kinachoitwa kidhibiti, ambacho huchukua umeme wa betri na kuugawa kwa mota ya baiskeli kwa kipimo na kwa zamu. Watengenezaji wengi hawatoi mchoro wa saketi zake wala matini ya programu iliyomo. Anayetaka kukielewa hana budi kuanzia mwisho: atoke kwenye kitu kilichokamilika, arudi kwenye wazo lililokiunda.

Nina hoja mbili. Kwanza, njia ya kufanya kazi hiyo ni ndugu wa karibu wa njia tunazozitumia sisi wanaisimu. Pili, Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi ya kuieleza kazi hiyo, ila nyenzo hiyohiyo ikitumiwa bila hadhari inaweza kukiunguza kifaa na kumtia fundi hatarini.

2. Jina la Kazi

Wapo wanaoiita kazi hii "uhandisi rejea" au "uhandisi kinyume". Majina haya yanaeleweka, lakini yameundwa kwa kutafsiri neno la kigeni kipande kwa kipande. Kabla ya kuyakubali, tujiulize lugha yenyewe ina nini ghalani mwake.

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza tendo lililokwisha kutendwa: kunja na kunjua, ziba na zibua, panga na pangua, choma na chomoa. Katika kundi hilo tuna fuma na fumua. Mwenye kufumua mshono haukati kwa mkasi. Huufuata uzi kwa subira, na akiwa makini hujua ulivyopita. Kando yake lipo neno fumbua, linalotokana na fumba, ambalo hutumika kwa macho na kwa mafumbo.

Napendekeza maneno haya mawili yagawane kazi. Kufumua kuwe ni kukifungua kifaa na kufuata njia zake, waya kwa waya. Kufumbua kuwe ni kupata maana ya kilichoonekana. Tofauti ya maneno haya ni konsonanti moja tu, lakini tofauti ya kazi ni kubwa. Wengi hufumua wasifumbue, na kifaa kikaishia kuwa vipande mezani.

3. Kuisoma Mota kama Lugha Isiyoandikwa

Mota ya aina inayotumika sana katika baiskeli hizi ina nyaya tatu nene, na ndani yake mara nyingi mna vihisi vitatu vya sumaku. Kila kihisi hutoa mojawapo ya ishara mbili, ambazo tuziandike 0 na 1. Kwa hesabu, vihisi vitatu vingeweza kutoa michanganyiko 8. Hata hivyo, mtu akilizungusha gurudumu polepole kwa mkono huku akipima, mpangilio wa kawaida wa vihisi humpa michanganyiko 6 tu kwa mfuatano: 101, 100, 110, 010, 011, 001, kisha 101 tena. Kila hatua hubadilisha tarakimu moja tu. Michanganyiko ya 000 na 111 haitokei. Ikitokea, ni dalili kwamba kihisi kimeharibika au waya umekatika.

Mwanafonolojia ataitambua hali hii mara moja. Lugha haitumii kila mfuatano wa sauti unaowezekana, na mifuatano isiyoruhusiwa hutufundisha kanuni sawa na ile inayoruhusiwa.

Ufanano unaonekana zaidi katika mazungumzo ya kidhibiti na kioo kinachomwonyesha mwendeshaji mwendo na chaji. Katika mifumo mingi vifaa hivi viwili hupelekeana baiti mojamoja kwenye waya. Mchunguzi huzirekodi, kisha hubadilisha jambo moja tu: hubana breki na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Baiti iliyobadilika ndiyo inayoshukiwa kubeba habari ya breki. Halafu huiachia breki na kuongeza kiwango cha msaada. Hizi ni jozi za mlinganuo finyu, zilezile tunazowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aghalabu baiti ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Kwa maneno mengine, ujumbe una upatanisho wa kisarufi, na usiopatana hukataliwa.

4. Matini Iliyofungwa

Nitoe mfano mmoja. Mota ya TSDZ2, inayotengenezwa na kampuni ya Tongsheng ya China, huendeshwa na chipu ya STM8S105 yenye kilobaiti 32 za kuhifadhia programu. Chipu hiyo ina ulinzi dhidi ya kusomwa. Anayeuondoa ulinzi huo husababisha programu iliyomo ifutike yote. Hii ni hati ambayo anayelazimisha kuifungua huikuta karatasi tupu.

Kuanzia mwaka 2018 watu wa kujitolea, walioshirikiana kwa intaneti, walishika njia nyingine. Walifuata saketi ili kujua kila mguu wa chipu umeunganishwa na nini, wakafumbua ujumbe wa kioo, kisha wakaandika programu mpya iliyo huria. Hawakurudisha maneno ya mwandishi wa kwanza, bali walirudisha uwezo wa kifaa kusema.

Je, ni halali? Jumuiya ya Ulaya ilipotoa mwongozo wa ulinzi wa programu za kompyuta mwaka 1991, iliruhusu, kwa masharti, programu ifumuliwe pale inapokuwa lazima ili programu nyingine iweze kushirikiana nayo. Ruhusa hiyo haiondoi wajibu mwingine. Katika Umoja wa Ulaya msaada wa mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa, na anayeuondoa mpaka huo anaendesha chombo kingine mbele ya sheria.

5. Hatari ya "Funga" na "Fungua"

Sasa nifike kwenye kiini. Kidhibiti cha kawaida kina transista sita zinazofanya kazi kama swichi, mbili kwa kila waya mnene. Moja ya juu huunganisha waya na upande chanya wa betri, na moja ya chini huuunganisha na upande hasi. Mbili za waya mmoja zikipitisha umeme kwa wakati mmoja, betri hupigwa shoti na transista huungua. Kwa hiyo programu huacha upenyo mfupi mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde, kati ya kuzimwa kwa moja na kuwashwa kwa nyingine.

Tuchukue maelekezo haya: "Fungua swichi ya juu, kisha funga ya chini." Mwalimu wa fizikia husema saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Kwake, maelekezo haya ni salama: tenga ya juu kwanza, halafu unganisha ya chini. Lakini katika Kiswahili cha nyumbani, anayefungua redio anaiwasha na anayeifunga anaizima, kama vile anayefungua bomba hupata maji. Kwa masikio hayo, fundi ameambiwa awashe ya juu wakati ya chini bado inapitisha umeme. Sentensi ni sahihi na sanifu, lakini matokeo yake ni moshi.

Hapa hatuwezi kumlaumu fundi. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ni msingi wa kuheshimiwa. Hata hivyo, istilahi haimalizi safari yake inapoingizwa kamusini. Ni lazima ipimwe ndani ya sentensi ya kuamuru, mbele ya mtu atakayetenda kama alivyosikia. Kwa swichi, tuseme washa na zima, au unganisha na tenga. Funga na fungua tuziachie parafujo na vifuniko.

6. Hitimisho

Pikipiki za umeme tayari zinabeba abiria Kigali na Nairobi, na mota zake huhitaji vidhibiti vya ukoo huuhuu. Vitaharibika, na vitapelekwa kwa mafundi ambao wengi wao huwaza na kufundishana kwa Kiswahili. Tusipowaandikia, ujuzi wao utabaki mdomoni, na kila kizazi cha wanagenzi kitaanza upya kwa kuunguza.

Ninawaomba wanafunzi wa isimu waende karakana wakiwa na daftari. Wakusanye maneno yanayotumika, wayapime kwa kigezo cha usalama, kisha wayalete kwa wasanifishaji. Lugha inayoweza kumwongoza fundi asipigwe shoti haihitaji mtu wa kuitetea kwamba inaiweza sayansi.