Radi Haingoji Mvua

Ndugu wakulima na wafugaji wa Same, leo tuzungumze juu ya radi.

Mtu analima bondeni. Anaona wingu jeusi juu ya Shengena. Anasikia ngurumo. Anasema, "Aa, mvua bado iko mlimani. Nimalize mstari huu kwanza." Ndugu zangu, maneno hayo yanaua.

Radi ni umeme. Hewa yenye joto na unyevu inapanda milima yetu. Huko juu kuna baridi kali, hata maji yanakuwa barafu. Vipande vya barafu vinagongana ndani ya wingu, na umeme unajikusanya. Ukizidi, unaruka. Mwingine unaishia mawinguni, mwingine unashuka ardhini.

Lakini haushuki penye mvua tu. Unaweza kutoka ubavuni mwa wingu na kupiga kilometa 15 kutoka mahali mvua inaponyesha. Mvua iko mlimani, wewe uko bondeni pakavu, na radi inakufikia. Inaweza kupiga kabla tone la kwanza halijaanguka. Inaweza pia kupiga mvua ikishaisha.

Utapimaje? Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Ukihesabu 30, radi iko kilometa 10. Hapo uko hatarini tayari.

Basi, ukisikia ngurumo, acha kazi. Usijikinge chini ya mti. Radi ikipiga mti, umeme hupita ardhini. Ndiyo maana ng'ombe waliokusanyika chini ya mti hufa pamoja. Ingia katika nyumba imara, au katika basi lililofungwa madirisha. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Shule nazo zinahitaji vyuma vya kukinga radi. Mwaka 2011, huko Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 shuleni. Tuliongee jambo hili katika mikutano ya kijiji.

Jambo la mwisho. Mtu akipigwa na radi, tusimtafute mchawi. Tumsaidie yule aliyeanguka! Mwili wake haubaki na umeme, mguse bila hofu. Kama hapumui, msukume kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku mwenzako akitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Mstari wa mahindi utaukuta kesho.