Wikendi ya Mbio za Timu: Alasiri Mvua Haisubiri

Katika mashindano haya ya kukimbia, kuendesha baiskeli na kusoma ramani, timu husafiri pamoja, na muda huhesabiwa anapofika wa mwisho. Mwenye nguvu abebe mkoba wa aliyechoka.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua huwaka. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria huleta mvua, radi, mara nyingi na mvua ya mawe. Barabara za udongo kati ya Kericho na Bomet huteleza papo hapo. Afadhali baiskeli isukumwe. Radi ikianza, timu iingie nyumba au gari lililo karibu, si chini ya mkaratusi. Wachumaji chai wapishwe njiani, wako kazini. Koti la mvua lisiachwe nyumbani eti ni zito.