Nani Hulipia Kalamu ya Daktari?

(Hotuba kwa wahitimu na wanafunzi)



Nimeombwa kusema na wale wanaotazamia kusomea udaktari. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali niishiye Temeke. Lakini ugonjwa haubagui kazi, kwa hiyo neno ninalo.

Mwaka 1978 Dk. John Yudkin alieleza katika jarida la The Lancet hali ya dawa nchini Tanzania. Palikuwa na wawakilishi 147 wa makampuni ya dawa kwa madaktari wapatao 600, yaani mmoja kwa kila madaktari wanne. Uingereza ilikuwa mmoja kwa 30. Watu wale hawakuja kutalii. Daipironi, dawa ya maumivu iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 kwa kuwa yaweza kudhuru damu, Afrika ilinadiwa hata kwa maumivu madogo madogo.

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo: mwakilishi asimpe daktari kishawishi ili aandike dawa yake. Hata hivyo vishawishi havikukoma duniani. Ni kalamu, kalenda, chakula cha mchana hotelini, nauli ya kwenda semina. Daktari husema, "Hiki hakiwezi kuninunua." Wahenga walisema, mla cha mwenzie na chake huliwa. Hapa lakini anayeliwa si daktari. Ni mama wa Mbagala au Tandale aliyeshika cheti chenye jina la kibiashara. Hudhani ndiyo dawa pekee. Fedha haimtoshi, hununua nusu ya dozi, na ugonjwa humrudia. Kumbe pengine dawa ile ile, kwa jina lake la asili, iko kwenye rafu ya pili kwa bei nafuu.

Sisemi mwakilishi ni adui. Huweza kuleta habari za dawa mpya. Lakini muuzaji hawezi kuwa yeye mwalimu, yeye msahihishaji wa mtihani.

Vijana, mtakapokuwa madaktari, andikeni jina la asili la dawa, na kalamu jinunulieni wenyewe. Nasi wahitimu, tukifika dirishani tusione haya kuuliza: "Je, ipo nyingine iliyo sawa na hii, ya bei nafuu?" Swali hilo halina ada, na laweza kumwokolea mtu dozi nzima.